Hoteli kongwe ikifanyiwa ukarabati, ni nini hasa kinachopotea?

Mama Wawili:

Wadau, habari zenu. Nina jambo limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa, na nyumbani sina wa kumweleza, maana mume wangu anasema hoteli ni hoteli, tumelala, tumeamka, yameisha.

Miaka 19 iliyopita, siku tulipofunga ndoa, shangazi yake alitulipia usiku tatu katika hoteli moja kongwe ya fahari. Hatukuwa watu wa mahali kama pale. Tulipewa chumba namba 34. Ufunguo ulikuwa wa shaba, umefungwa kwenye kibao cha mti kinene kama kiganja cha mtoto, namba imechongwa ndani na kujazwa rangi nyeupe, pembe zake zimelainika kwa mikono ya watu wengi waliotutangulia. Kibao kile usingeweza kukitia mfukoni. Kila mkitoka ilibidi mpite mapokezi mkiache, na mzee wa mapokezi akikitundika kwenye msumari wake, kisha akituaga kwa majina yetu. Siku ya pili tu, kwa majina yetu!

Nakumbuka kipandio cha tano cha ngazi, kilikuwa kinalia ukikikanyaga katikati. Usiku ukikisikia unajua kuna mtu anarudi. Nakumbuka madirisha marefu ya vibao tuliyokuwa tukiyasukuma kwa mikono miwili, asubuhi ikaingia yote kwa pamoja, na sauti za wafagiaji kule bustanini. Beseni la kuogea lilikuwa la chuma, lina miguu, na maji ya moto yalikuwa yanachukua muda kufika. Mume wangu alikuwa anayahesabia kwa sauti.

Mwaka huu tumerudi. Hoteli ilifungwa miaka miwili kwa ukarabati mkubwa, ikafunguliwa upya. Nje ni ile ile kabisa. Ukumbi wa mapokezi una mawe yale yale sakafuni. Ila nilipoomba namba 34 binti wa mapokezi akatazama kompyuta yake, akatazama tena, akaniambia chumba hicho hakipo. Kumbe 34 na 36 vimeunganishwa vikawa kimoja chenye sebule, na kinaitwa kwa jina la mtu. Tukapewa kingine, kwa kadi. Dirisha halifunguki. Kipandio cha tano hakisemi neno. Kuna harufu ya maua inatoka kwenye matundu ya kiyoyozi, moja tu, iwe ukumbini, kwenye lifti au kitandani. Na kando ya ngazi, kwenye fremu nyeusi, wametundika picha kubwa za hoteli ilivyokuwa zamani. Katika moja unauona ule ubao wa misumari na funguo zake. Nilisimama pale hadi mume wangu akanishika mkono.

Sisemi wasikarabati. Mabomba yanaoza, nyaya zinazeeka, hilo nalijua. Ninachouliza ni hiki: kitu gani hasa kimeondoka, wakati karibu kila kinachoonekana kimebaki? Na je, kuna hoteli kongwe iliyokarabatiwa ikabaki yenyewe? Au naomboleza umri wangu tu? Mniambie ukweli, sitakasirika.

---

Baharia Mstaafu:

Dada, swali lako limenirudisha mbali. Miaka 30 nimefanya kazi melini, na hoteli kubwa nimezijua kwa kukaa kwenye kumbi zake tu, maana vyumba havikuwa vya mshahara wangu. Kwa hiyo nitakueleza habari za ukumbi.

Mwezi wa nane mwaka 2015 tulitia nanga Yokohama. Nilikuwa nimesikia kwamba Hotel Okura ya Tokyo, iliyojengwa mwaka 1962, ingevunjwa jengo lake kuu mwisho wa mwezi ule ule. Nikapanda treni. Ukumbi ule ulisanifiwa na Yoshiro Taniguchi, na watu wa nchi mbalimbali walikuwa wamepiga kelele usiguswe. Nikakuta taa zimening'inia kutoka darini kwa mafungu, kila moja ina pembe sita kama shanga kubwa, mwanga wake laini. Meza ni za duara, na viti vimezizunguka ili ukitazama kutoka juu uone ua la mplamu na petali zake. Nilikaa saa nzima. Sikununua kitu, na hakuna aliyenijia kuniuliza shida yangu. Pembeni yangu kulikuwa na mzee wa Kijapani aliyekuja na kamera, hakuipiga hata picha moja. Alikaa tu.

Walivunja. Mwaka 2019 hoteli ikafunguliwa upya kwa jina la The Okura Tokyo, sasa ina mnara wa ghorofa 41. Ila ukumbi ule walimpa mtoto wa yule msanifu, Yoshio Taniguchi, aujenge tena. Mtoto akaujenga: taa zile, maua yale ya viti, hata ramani ya saa za dunia ukutani. Niliufikia safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Niliingia na kinyongo, nikakaa nusu saa kimekwisha. Aliyeurudisha alikuwa anajua kwa nini kila kitu kiliwekwa pale kilipowekwa, siyo tu kilivyoonekana. Nikitoka nje nikainua macho, nikaona mnara, nikajua ile hoteli haipo. Lakini ukumbi upo. Yote mawili ni kweli, na sijaweza kuchagua moja.

Linganisha na hoteli ya Imperial ya mji huo huo, kazi ya msanifu wa Kimarekani Frank Lloyd Wright. Ilifunguliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1923, siku lile tetemeko kubwa lilipoupiga mji, ikabaki imesimama. Mwaka 1968 ikavunjwa: ardhi laini ilikuwa inaizamisha, na vyumba havikutosha. Sehemu ya mbele na ukumbi wake vikahamishiwa jumba la makumbusho la wazi la Meiji-mura, karibu na Nagoya. Hapo baadhi ya mawe ni ya Wright kwelikweli. Ila hakuna mgeni anayefika na sanduku, hakuna anayemsubiri mtu. Ukinipa kuchagua mawe halisi yasiyo na wageni au taa zilizotengenezwa upya chini yake kuna mtu anamsubiri dada yake, nachagua la pili.

Jambo moja zaidi. Hoteli kongwe ikirudishwa, mwulize aliyeirudisha: umeirudisha mwaka gani? Raffles ya Singapore ilifunguliwa 1887. Ukarabati uliokamilika 1991 ulilenga kuirudisha ilivyokuwa mwaka 1915. Maana yake yote yaliyoongezwa baada ya 1915 yalihesabiwa kuwa ni makosa, ingawa kuna watu walioana, wakaagana na wakapatana chini ya hayo makosa. Hoteli yako nayo, dada, huenda imerudishwa kwenye mwaka ambao ninyi hamkuwamo.

---

Msimamizi wa Ghorofa:

Mama Wawili, pole. Hauombolezi umri.

Mimi nilikuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba miaka 26, hoteli moja tu, hadi ilipofungwa kwa ukarabati. Jina lake silitaji. Ninachotaka kukwambia hakimo kwenye picha zile za fremu nyeusi.

Tulikuwa na madaftari. Tisa, yana jalada gumu, yaliandikwa na wasimamizi watatu walionitangulia na mimi. Kila mgeni anayerudi alikuwa na ukurasa. Si mambo ya mto laini au mto mgumu tu. Kulikuwa na bwana mmoja ameandikiwa: "Usimwekee maua, yanamkumbusha msiba." Mama mmoja: "Kiti kigeuziwe dirishani kabla hajafika, asikute anakigeuza mwenyewe, mgongo." Kulikuwa na wazee wawili, mume na mke, waliokuja kila mwaka, siku moja akaja mke peke yake. Msimamizi wa wakati ule aliandika mstari mmoja: "Kitanda kitandikwe pande zote mbili kama kawaida, ameomba." Tulikitandika hivyo miaka 6.

César Ritz mwenyewe anakumbukwa kwa jambo hilo, kuandika na kukumbuka wageni wake wanapenda nini. Hoteli ya Ritz aliyoifungua Paris mwaka 1898 ilisifiwa kwa mabafu na taa, lakini kazi aliyoifanya kwa kalamu ndiyo iliyowafanya watu wamfuate kutoka hoteli hadi hoteli.

Tulipofungwa, tulilipwa mafao tukaenda. Wafanyakazi 140. Miaka miwili mtu hawezi kukaa anasubiri, ana watoto. Wengine walikwenda hoteli nyingine, wengine wakaacha kazi hii kabisa. Ilipofunguliwa walirudi 31. Na madaftari? Samani zilipotolewa kwenda mnadani, kabati la ofisi yangu lilichukuliwa na vilivyokuwa ndani. Niliuliza mara tatu. Kijana wa mradi aliniambia mfumo mpya una sehemu ya kujaza matakwa ya mgeni. Nikamwomba anioneshe. Ilikuwa na visanduku vinne vya kuweka alama ya vema.

Hiyo minada siku hizi ni kawaida. Savoy ya London ilipofungwa mwezi Desemba 2007, vitu vyake vya ndani vilipigwa mnada kabla ya kazi kuanza. Crillon ya Paris ilifanya hivyo 2013, na Ritz iliuza samani zake za zamani mwaka 2018. Kiti kinanunuliwa, kinakwenda kwa mtu. Mhudumu aliyejua mguu wa kiti kile unacheza hapigwi mnada, anaondoka tu kwa mlango wa nyuma na mfuko wake.

Kuhusu chumba chako 34: hiyo ni hesabu, mwanangu. Chumba kidogo cha zamani hakilipi tena, kwa hiyo viwili vinakuwa kimoja, au vinauzwa kuwa makazi ya watu. Plaza ya New York ilikuwa na vyumba 805. Ilifungwa 2005, ikafunguliwa 2008 na vyumba vya hoteli 282. Sehemu kubwa iliyobaki ikawa fleti za kuuza. Hata hizo 282 zilipatikana kwa sababu chama cha wafanyakazi wa hoteli kilisimama kidete, maana vyumba vikipungua ajira zinapungua. Waldorf Astoria ya mji huo huo ilifungwa Machi 2017, ikiwa na vyumba kama 1,400. Imefunguliwa tena 2025 na vyumba 375. Saa yake maarufu ya shaba, iliyooneshwa kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, imesafishwa na kurudishwa ukumbini, inapendeza. Lakini hoteli ya vyumba 1,400 ni mji, ina kelele za mji, ina watu wa kila namna kwenye lifti. Ya 375 ni kitu kingine hata ikiwa na saa ile ile.

Kwa hiyo ukiniuliza kilichoondoka: yule mzee wa mapokezi. Uliuliza habari zake?

---

Randa na Bawaba:

Shikamoo Mama Msimamizi. Nimesoma habari za madaftari nikasimamisha kazi kidogo.

Mimi ni seremala, nimefanya ukarabati wa majengo ya zamani miaka 11, hoteli kongwe mbili. Naomba nimweleze Mama Wawili upande wa mikono, kwa sababu alichokitaja yeye karibu chote ni cha mkono na sikio: kibao, dirisha, kipandio. Hakutaja rangi ya ukuta hata mara moja. Wabunifu wa mapambo ya ndani wangeanza na rangi ya ukuta.

Anza na dirisha. Mtu akiamua tu kwamba dirisha lisifunguke, kwa ajili ya kelele za barabarani na kiyoyozi, ameamua mengine mengi bila kujua. Hewa sasa lazima iletwe kwa mabomba. Mabomba yanataka nafasi. Nafasi inatafutwa juu, kwa hiyo dari linashushwa. Dari likishuka, nakshi za plasta kwenye kona za juu zinafunikwa, na taa iliyokuwa inaning'inia inakuwa chini mno, inatolewa. Zinawekwa taa ndogo za kuzama. Chumba kilichokuwa kirefu kama kanisa kinakuwa sanduku. Na hakuna aliyesema "tubadilishe chumba." Walisema "tufunge dirisha."

Siyo jambo la leo. Pale pale Plaza, ukumbi wao wa Palm Court ulikuwa na dari la vioo vya rangi. Miaka ya 1940, hoteli ikiwa mali ya Conrad Hilton, dari lile liliondolewa ili vipite vyombo vya kiyoyozi. Watu walikaa chini ya dari la kawaida zaidi ya miaka 60. Ukarabati wa 2005 hadi 2008 ndio uliotengeneza vioo vile upya. Kwa hiyo ukarabati unaua na ukarabati unafufua. Inategemea nani ameshika kalamu.

Sasa milango. Katika hoteli ya kwanza kulikuwa na milango 62 ya msaji, minene, na kila mmoja una bawaba ambazo wengi humu hamjawahi kuziona: zimekatwa mshazari, hivyo mlango ukifunguka unapanda kidogo, kama kidole kimoja. Ukiuachia unateremka kwa uzito wake wenyewe na kujifunga taratibu. Hakuna springi, hakuna mafuta, ni uzito tu. Unasikia "tup," basi. Mkataba ulisema yote itolewe, iwekwe milango mipya ya kuzuia moto yenye mkono wa chuma juu. Ile mipya inafunga "pah!" usiku kucha, korido nzima.

Na moto si mchezo, sitaki mtu anielewe vibaya. Watu wamekufa katika hoteli kwa sababu ya milango mibovu. Lakini mlango wa zamani wa mti mgumu unaweza kuongezewa nguvu. Unatoa vibao vya katikati, nyuma yake unaweka karatasi maalumu ya kuzuia moto, unavirudisha. Kwenye ukingo unachimba mfereji mwembamba kwa randa, unalaza ndani utepe unaovimba ukipata joto, ukaziba mwanya wote moshi usipite. Bosi wangu alileta mlango mmoja wa majaribio mbele ya wakaguzi, ukapita. Gharama ilikuwa juu na kila mlango ulichukua siku mbili. Mwenye hoteli akakubali milango 20, ya ghorofa ya kwanza, ile inayoonekana kutoka kwenye ngazi kuu. Mingine 42 niliitoa mimi mwenyewe. Bawaba zake ninazo jozi tatu, ziko mezani kwangu hivi sasa ninavyoandika.

Kile kipandio cha tano, dada, kinalia kwa sababu mbao mbili zimeachana kidogo na zinasuguana mtu akikanyaga. Kukinyamazisha ni kabari mbili kwa chini, gundi na skurubu. Dakika kumi. Kazi kama hiyo ilishakuwa kwenye orodha yangu: "vipandio vinavyolia, vyote." Nilivinyamazisha vyote. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu anavisikiliza, na mimi sikuwaza kuuliza.

Umeuliza kama kuna waliofanikiwa. Angalia Claridge's ya London. Walitaka nafasi zaidi, badala ya kuifunga hoteli na kuipasua wakachimba chini yake. Ghorofa tano chini ya ardhi, sehemu kubwa ya uchimbaji kwa mikono, udongo ukitolewa kidogo kidogo, na juu wageni wanaendelea kulala na kunywa chai. Mitambo mingi ya jengo ikapelekwa kule chini. Yule bawabu wa Jumatatu alikuwepo Jumanne. Mama Msimamizi, nadhani hilo linajibu hoja yako: hawakufunga, kwa hiyo watu hawakutawanyika.

---

Magurudumu Mawili:

Naomba niseme kitu ambacho hakitapendwa.

Nimetumia kiti mwendo tangu nina miaka 14. Dada yangu aliolewa kwenye hoteli moja kongwe ya aina hii mnayoililia, kabla haijakarabatiwa. Mbele ilikuwa na ngazi saba za mawe, nzuri sana, zimeliwa katikati na nyayo za watu. Mimi niliingizwa kwa nyuma, mlango wa jikoni, nikiwa na gauni la msimamizi wa harusi, nikapita kati ya mapipa na kreti za soda. Lifti ya wageni ilikuwa na mlango wa nondo wa kuvuta, kila mtu anaupiga picha, upana wake haukupitisha kiti changu. Nilipandishwa kwa lifti ya mizigo pamoja na mashuka machafu. Wahudumu walikuwa wema sana, waliniomba radhi njia nzima. Bado nililia kabla ya picha ya kwanza.

Mimi sikuwahi kukisikia kipandio cha tano kikilia.

Hoteli hiyo imekarabatiwa. Upande wa kushoto wa zile ngazi wamejenga mteremko kwa mawe ya aina ile ile, umezungushwa taratibu nyuma ya nguzo, nusu ya wageni hawatambui kuwa ni mpya. Lifti ni pana. Ile ya nondo wameiacha mahali pake, imezimwa, imewashwa taa ndani. Mwaka jana niliingia kwa mlango mkuu, bawabu akanigusia kofia. Kwangu mimi siku ile ndiyo hoteli ilipopata tabia yake.

Na tukumbuke hizi hoteli zilipozaliwa zilikuwa ndiyo mambo mapya kupita yote. Savoy mwaka 1889 watu walikwenda kuona taa za umeme na lifti za umeme. Ritz mwaka 1898 walishangaa chumba kuwa na bafu lake. Wale walioanzisha wasingekubali mgeni akose kitu kipya kwa sababu ya kulinda kitu cha zamani. Savoy yenyewe ilipofungwa ilitarajiwa iwe kazi ya mwaka mmoja na miezi kadhaa; ilichukua karibu miaka mitatu, hadi Oktoba 2010, na gharama ikapanda kutoka pauni milioni 100 hadi milioni 220, kwa sababu ukibomoa ukuta wa hoteli ya umri ule unakuta mabomba na nyaya za vizazi vinne vimepishana. Hiyo siyo tabia ya kulinda, hiyo ni hatari.

Sikatai uchungu wa Mama Wawili. Dirisha linalofunguka nami nalitaka, tena liwe na kitasa ninachokifikia nikiwa nimekaa. Ninachoomba, mnapoorodhesha vilivyopotea, mniachie nafasi ya kuorodhesha nilivyovipata.

---

Randa na Bawaba:

Dada Magurudumu, nakubaliana na wewe kabisa, na huo mteremko wa nyuma ya nguzo ningependa kuuona. Ukiangalia, mtu aliyeujenga kwa mawe yale yale na kuiacha lifti ya nondo mahali pake, ndiye huyo huyo angeuliza kuhusu kipandio. Anayeleta mkono wa chuma wa "pah!" hajali mgeni wa zamani wala mgeni mpya.

---

Msimamizi wa Ghorofa:

Marahaba mwanangu Randa. Na wewe binti wa kiti mwendo, umesema kweli na nimeipokea. Kwetu kulikuwa na mgeni kama wewe. Ukurasa wake ulisema: "Apokelewe mlango wa nyuma, msimamizi awepo mwenyewe." Nilikuwa nikijivunia mstari ule. Leo nimeusoma kichwani kwa macho yako.

---

Mama Wawili:

Nimesoma yote mara mbili, ya pili kwa sauti, mume wangu akiwa jikoni anajifanya hasikilizi. Nilipofika pale pa kitanda kutandikwa pande zote mbili alikuja akakaa.

Magurudumu, nafasi unayo, tena mbele. Nimekumbuka sasa: pale hotelini mwaka huu nilimwona baba mmoja na binti yake kwenye kiti kama chako, wanaingia ukumbini kutoka upande wa bustani bila kusaidiwa na mtu. Mlango ule zamani ulikuwa na vipandio viwili. Niliwaona na sikuliona hilo.

Mama Msimamizi, uliniuliza kuhusu mzee wa mapokezi. Sikuuliza habari zake. Niliuliza chumba, ngazi na dirisha, yeye sikumuuliza, na jina lake nilikuwa nimelisahau, ilhali yeye alilijua langu siku ya pili. Mume wangu ndiye aliyelikumbuka, leo hapa mezani.

Basi nimepiga simu jioni hii. Binti aliyepokea ni mgeni, hamjui. Akaniomba nisubiri, akamwita mtu wa mizigo, mmoja wa waliorudi. Huyo akacheka kwa furaha nilipolitaja jina. Mzee yupo, amestaafu, na siku hoteli inafungwa aliruhusiwa kuchukua kitu kimoja cha kumbukumbu. Wenzake walichukua vikombe na trei za fedha. Yeye aliuchukua ule ubao wa misumari, wote, na funguo zote juu yake, akaupakia kwenye gari la mpwa wake.

Amenipa namba ya mtoto wake. Kesho nitapiga niulize kama 34 bado ipo kwenye msumari wake.